Anayefua kushe ndiye anayeona

Kwenye mkutano wetu uliopita dada mmoja aliuliza: "Mtoto wangu akila yai anatoka vipele. Nimkatalie mayai milele?" Mwingine akaongeza: "Na hizi kushe za kitambaa, ninyi mnawezaje, maji yenyewe hayaji kila siku?" Nilinyoosha mkono nikasema nitaandika, kwa sababu nyumbani kwangu maswali hayo mawili yalikuwa jambo moja. Kijana wangu wa mwisho ana mwaka 1 na miezi 8. Hawezi kula karanga wala maziwa ya ng'ombe. Na kitu cha kwanza kilichonionyesha ni kushe ya kitambaa.

Kushe zenyewe sikuzichagua kwa akili nyingi. Ilikuwa hesabu tu. Mtoto wa mwaka mmoja anabadilishwa mara 4 au 5 kwa siku. Chukua 5, zidisha kwa siku 30, ni 150 kwa mwezi. Wengi wetu tunanunua Pampers moja moja dukani kartiye, mbili za leo, mbili za kesho, na hiyo ndiyo njia inayokula feza zaidi. Nikachukua mashuka 3 ya pamba yaliyochakaa, nikakata vipande vya sentimita 70 kwa 70, nikapata 18. Fundi akanipigia mashini pembeni. Vipande vya taulo kuukuu vinaingia katikati kunywa maji, na juu namvalisha kachupi ka nailoni. Jirani mmoja alicheka, akasema hayo ni mambo ya zamani. Ni kweli, ndivyo mama zetu walivyotulea. Lakini pia tunajua takataka za Bukavu zinaenda wapi mvua ikinyesha: zinashuka ziwani, ziwa linazisukuma mpaka Ruzizi, na huko zinaziba mitambo ya umeme. Kisha tunakaa gizani na kulalamika.

NILICHOKIONA KWENYE BESENI

Kijana alipofika miezi 8 nilianza kumtilia maziwa ya unga kwenye uji ili apate nguvu. Siku ya nne, nikiwa nafua, nikaona makamasi kwenye choo chake, na ndani yake nyuzi nyembamba za damu. Ingekuwa kushe ya kutupa ningeikunja usiku, niitupe, na nisijue kitu.

Hapa nisikilizeni vizuri, wamama: damu kwenye choo cha mtoto si kitu cha kuganga nyumbani. Kwetu huku mara nyingi ni kuhara damu au amiba, na hayo yana dawa yake. Nilienda kituo cha afya na ile kushe kwenye mfuko. Wakapima choo, hawakuona mdudu. Muganga akaniambia niache maziwa ya unga, niendelee kunyonyesha, na mimi mwenyewe nisinywe maziwa ya ng'ombe, kwa sababu kidogo chake kinapita kwenye ziwa la mama. Baada ya wiki 2 choo kilikuwa safi. Akasema turudishe maziwa kidogo tuone, yeye akijua. Siku ya tatu damu ikarudi. Hapo ndipo tukajua: si mdudu, ni alerji. Mwili wa mtoto unayaona maziwa kama adui.

Karanga zilikuja kwa njia nyingine kabisa. Alikuwa na miezi 11, siku ya Yenga, familia yote mezani. Mama mkwe wangu akamtilia kijiko cha sombe mdomoni. Sombe ile ilikuwa na karanga za kusaga, kama inavyopikwa nyumba nyingi. Haikupita dakika 10. Midomo ikavimba, vipele vikubwa vikatoka tumboni na mgongoni, akatapika, kisha akaanza kukohoa na pumzi ikawa na mlio. Baba yake alisimamisha motari, tukapanda watatu mpaka hospitali. Walimchoma sindano ya adrenalini kwenye paja. Baada ya dakika chache pumzi ikafunguka. Walituweka pale mpaka usiku, kwa sababu jambo hilo linaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mama mkwe alilia kuliko mimi. Alisema, "Mwanangu, nimelea watoto 8 kwa sombe hii." Hakusema uongo, na hakufanya kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa anajua.

KOSA LILIKUWA LANGU

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa nilitaka kuwaambia. Baada ya siku ile niliogopa chakula chote. Niliondoa karanga na maziwa, hiyo ilikuwa haki. Lakini nikaondoa pia mayai, kwa sababu jirani alisema mayai ni mabaya. Nikaondoa sambaza, kwa sababu nilisikia samaki nao wanaleta alerji. Nikaondoa soya na maharagi, sijui hata kwa nini. Mtoto akabaki na ziwa langu, uji wa muhogo na ndizi. Vipele hakuna, kutapika hakuna, na mimi nikajisifu kwamba nimeweza.

Siku ya kupima kilo, akiwa na miezi 13, alikuwa ameshuka. Utepe wa mkono ulionyesha rangi ya njano. Muganga akaangalia kartasi yake, akaniangalia mimi, akauliza: "Mama, umemwondolea vyakula 6. Vingapi umeona kwa macho yako vikimuumiza?" Nikajibu: "Viwili." Akasema: "Basi hivyo vinne vingine, ni wewe unayemnyima."

Maneno yale yaliniuma, lakini alisema kweli. Sisi wa Kivu ya Kusini tunajua muhogo peke yake unafanya nini. Unajaza tumbo, haujengi mwili. Mtoto anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, anakuwa na huzuni. Neno kwashiorkor lenyewe limetoka lugha ya Ga, Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyelileta kwenye vitabu vya dawa mwaka 1935. Huko Ghana lilitaja ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mimi nilikuwa karibu kumletea wangu kwa mikono yangu, kwa kumlinda.

Na kulikuwa na hatari nyingine. Watoto waliokonda sana wanapewa zile paketi tunazozijua, Plumpy'Nut na nyingine kama hiyo. Zimeokoa watoto wengi. Paketi moja ya gramu 92 ina nguvu ya kalori 500. Lakini angalia zimetengenezwa na nini: karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari. Vile vitu viwili vya kijana wangu viko ndani pamoja! Kama mtoto wako ana alerji ya karanga au maziwa, sema kabla paketi haijafunguliwa, na omba waandike kwa herufi kubwa juu ya kartasi yake ya kilo. Kwetu muganga aliandika kwa biki nyekundu. Siku ambayo wewe haupo na dada yake ndiye anayempeleka, kartasi itasema kwa niaba yako.

KUONDOA NA KUREGESHA

Alivyonifundisha muganga ni hivi: ukiondoa chakula, weka kingine mahali pake. Na ukiregesha, regesha kimoja kimoja, siku 3 au 4, asubuhi, siku ambayo uko nyumbani. Angalia ngozi, angalia pumzi, angalia kushe. Niliandika kwenye kaye ya shule ya mkubwa wake: tarehe, chakula, choo. Mayai yalipita bila shida. Sambaza vilevile, kisha maharagi, kisha soya. Lakini kama chakula kilishawahi kumvimbisha mtoto au kumbana pumzi, usikijaribu tena nyumbani hata kidogo. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Mahali pa maziwa niliweka sambaza. Hawa samaki waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ndio nyama ya maskini na ya tajiri. Nakausha, nasaga mzima na kichwa na mifupa, natia kijiko kwenye uji au kwenye lengalenga. Ile mifupa ndiyo inampa chokaa ambayo wengine wanaipata kwenye maziwa. Mahali pa karanga niliweka avoka na mafuta ya mawese, ili apate mafuta ya mwili.

Masoso (mahindi, soya, sorgo) alipenda mara moja, ila masoso ilinifundisha jambo lingine. Siku moja alitoka vipele baada ya uji ambao nilijua hauna karanga. Nilifikiri mpaka nikakumbuka mashini ya kusaga. Aliyenitangulia kwenye mstari alikuwa amesaga karanga zake, na unga wangu ukapita mlemle. Sasa ya mtoto natwanga nyumbani, kwenye kinu ambacho hakijui karanga, na mwiko wake uko peke yake. Ni kazi, ndiyo. Inachukua asubuhi moja kwa wiki.

KUSHE BILA UPELE

Si kila wekundu kwenye matako ni chakula. Kama wekundu uko pale kushe inapogusa, na mikunjo ya mapaja ni mizima, mara nyingi ni mkojo uliokaa au sabuni iliyobaki. Kama umeingia kwenye mikunjo na una vipele vidogo pembeni, inaweza kuwa ukungu wa ngozi, unahitaji dawa yake. Vipele vya alerji ya chakula vinatoka mwili mzima, vinahama hama, vinakuja haraka na kupotea.

Hivi ndivyo ninavyofua. Choo kinaenda kwanza latrini. Kushe nasuuza kwa maji baridi, naweka kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na mtoto. Nafua kila siku ya pili kwa sabuni ya kipande isiyo na marashi, maji ya moto. Kisha nasuuza mpaka maji hayatoi povu, kwa kawaida mara 3. Kushe 10 zinanimalizia bidoni 2 za litri 20. Maji ya mvua natega kwenye beseni, na ya kusuuza mara ya mwisho ndiyo ninayoanza nayo siku nyingine.

Kuanika ni juani, kwenye kamba, kamwe si kwenye majani wala chini. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake anaingia ngozini mwa mtoto na kufanya jipu. Kwa hiyo kila kushe napiga paso ya makala pande zote mbili, hata kama imekauka. Kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 5 mvua inatunyima jua, na hapo paso inasaidia mara mbili. Msianike juu ya mbabula inayowaka. Nyumba zetu ni za mbao na zimebanana.

IKITOKEA

Mtoto akila kitu kisha midomo au macho yakavimba, akakohoa, akapumua kwa shida, akatapika mara kwa mara au akalegea, usingoje. Usimpe mafuta ya mawese wala maziwa ili "kuua sumu". Mlaze, miguu juu kidogo. Kama pumzi inambana, mkalishe mapajani. Mkimbize mahali pa karibu penye muganga na useme neno moja mlangoni: alerji. Sindano ya adrenalini ndiyo dawa ya kwanza; za vidonge zinakuja nyuma.

Na ninyi ambao watoto wenu hawana shida, msiogope karanga kwa ajili yangu. Uchunguzi uliofanyika London kwa watoto 640 wenye hatari ya alerji, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba walioanza kula karanga mapema, kati ya miezi 4 na 11, walipata alerji ya karanga kidogo sana kuliko walionyimwa. Wapeni ikiwa imesagwa laini kwenye uji, si punje nzima, maana punje inaweza kumkaba. Lakini kama mtoto ana upele mkali wa ngozi usiopona, au chakula kingine kimeshamdhuru, ulizeni muganga kwanza.

Kwa dada aliyeuliza juu ya mayai: usimkatalie milele, wala usimpe leo. Andika ulichoona, siku gani, baada ya muda gani, kisha nenda na kaye yako kituo cha afya. Watoto wengi wenye alerji ya mayai au maziwa wanaipita wakikua. Ya karanga ndiyo inayokaa.

Kijana wangu sasa utepe wake ni wa kijani. Mama mkwe anapika sungura mbili za sombe, ndogo ni ya mjukuu, na anapiga kelele mtu akichanganya vijiko. Mkutano ujao leteni kila mmoja shuka moja kuukuu la pamba na mkasi. Tutakata pamoja, na fundi wetu ataleta mashini.