Kwa Nini Pikapu Huinamisha Pua?

Jua linapokaribia kuzama, ukuta wa bahari wa Forodhani hujaa watu. Vijana hujirusha majini, wachuuzi hupanga meza za mishikaki na mashine za kukamulia miwa, na kando ya Barabara ya Mizingani magari huteremsha mkaa, vyombo na vyakula. Bustani hii, ambayo jina lake latokana na forodha iliyokuwapo hapo zamani, na ambayo ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa, ni mahali pazuri pia pa kujifunzia fizikia. Mwanafunzi akisimama ubavuni mwa pikapu isiyokuwa na mzigo, kisha akaulinganisha mstari wa bodi yake na upeo wa bahari, ataona jambo ambalo wengi hulipita bila ya kulitambua: pua ya gari imeinama, na mkia umenyanyuka.

Tofauti hiyo aghalabu ni ya sentimita chache tu. Hata hivyo, wenye magari wengi huiona kuwa ni kasoro. Humwendea fundi, naye huinua upande wa mbele mpaka gari likae sawasawa. Kazi hiyo huweza kumalizika kwa muda wa siku moja. Swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya spana kushikwa ni hili: je, aliyeliunda gari hilo alikosea?

Hesabu iliyokwisha kufanywa

Jibu limo katika kanuni ambayo mwanasayansi wa Kiingereza Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678. Hooke aligundua kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ya kani inayoipata: kani ikiongezeka mara mbili, springi nayo hubonyea au hurefuka mara mbili, maadamu haijapita kikomo chake cha unyumbufu.

Pikapu ni gari la kuchukua mzigo, na mzigo huo hukaa nyuma. Kwa sababu hiyo, nyuma aghalabu huwekwa springi za bamba, yaani vipande bapa vya chuma cha pua vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mbele, ambako uzito mkubwa ni ule wa injini usiobadilika, huwekwa springi za koili au, katika magari mengi ya zamani, fimbo ya chuma inayofanya kazi kwa kusokotwa.

Ichukuliwe, kwa mfano, pikapu ambayo umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3.1. Imepakia magunia yenye kilogramu 500, na kitovu cha uzito wa magunia hayo kiko sentimita 30 mbele ya ekseli ya nyuma. Kwa kanuni ya wenzo, sehemu ya mzigo inayobebwa na ekseli ya mbele ni 500 × 0.3 ÷ 3.1, yaani kilogramu 48 tu. Kilogramu 452 zilizobaki huiangukia ekseli ya nyuma. Kila springi ya nyuma basi hupata kilogramu 226, ambazo ni kani ya nyutoni 2260 hivi. Ikiwa springi hiyo huhitaji nyutoni 40 ili ibonyee milimita moja, itabonyea milimita 56, au sentimita 5.6.

Hapa ndipo siri inapofichuka. Mkia uliokuwa umenyanyuka kwa sentimita tano au sita umeshuka kwa kiasi hicho hicho, na gari lililoonekana limeinama sasa limekaa sawa. Kule kuinama hakukuwa kasoro. Ilikuwa ni nafasi iliyowekewa mzigo kabla haujafika.

Yafaa kuongeza kwamba mahali mzigo unapokaa ni muhimu kama uzito wake. Magunia yale yale yakisukumwa mpaka kitovu chake kiwe sentimita 60 nyuma ya ekseli, gari hugeuka kuwa wenzo ambao egemeo lake ni ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele hupunguziwa 500 × 0.6 ÷ 3.1, yaani takriban kilogramu 97. Usukani huwa mwepesi mkononi, na magurudumu ya mbele hupoteza sehemu ya mshiko wake barabarani, hasa breki zinapofungwa. Jambo hili lawahusu sana abiria wa daladala zilizoundwa kwa pikapu na malori madogo yaliyojengewa bodi la mbao na mabenchi, zile ambazo Dar es Salaam ziliwahi kuitwa "chai maharage". Watu wanaoning'inia mlangoni nyuma ndio walio mbali zaidi na egemeo.

Sababu za haki za kuinua

Haisemwi kwamba kuinua pua ya gari ni kosa wakati wote. Njia nyingi za mashamba ya Unguja zimepita juu ya mawe ya matumbawe, na wakati wa masika maji hutuama katika mabonde. Gari ambalo halibebi mzigo mzito laweza kufaidika likiwa na nafasi zaidi chini ya pua. Hali kadhalika, gari lililofungwa ngao nzito ya chuma mbele huzama kuliko lilivyokusudiwa, na kulirudisha katika kimo chake ni jambo la busara.

Lakini yapo mambo mawili ambayo mwenye gari hana budi kuyafahamu kwanza. La kwanza ni kwamba springi iliyochoka haiponi kwa kuinuliwa. Chuma kilichokwisha kupoteza unyumbufu wake kitaendelea kuzama. Dawa yake ni springi mpya. La pili ni kwamba kuinua pua hakuinui kila kitu. Katika pikapu nyingi, tumbo la difu katika ekseli ya nyuma ndilo lililo karibu zaidi na ardhi, na kimo chake hutegemea ukubwa wa tairi. Jiwe linalogonga difu leo litaligonga kesho pia, hata kama pua imepanda.

Namna kazi inavyofanywa

Katika magari yenye fimbo ya msokoto, fundi hukaza bolti inayoisokota fimbo, na pua hupanda. Katika magari yenye springi ya koili iliyoizunguka shokapu, huongezwa pete nene ya chuma, alumini au plastiki ngumu juu ya mkusanyiko huo.

Fundi mwangalifu huanza kwa futikamba. Gari likiwa juu ya sakafu tambarare, hupima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi iliyo juu yake, kisha huandika vipimo vyote vinne. Baada ya hapo huweka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, hulinyanyua gari kwa jeki, na kuliegemeza chesisi yake juu ya stendi imara. Jeki ni chombo cha kunyanyulia, si cha kuegemeza. Asilale mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Gurudumu likishatolewa, hufunguliwa kiungo cha mkono wa juu, nati zinazoishika shokapu kwa juu, na bolti yake ya chini. Mkusanyiko wote hutoka ukiwa mzima, pete huwekwa juu yake, kisha hurudishwa. Nati ya katikati inayoibana springi haiguswi kamwe. Springi yenye ugumu wa nyutoni 80 kwa milimita, ikiwa imebanwa kwa sentimita 10, imehifadhi nishati ya jouli 400. Nishati hiyo yatosha kukirusha kitu cha kilogramu 40 hadi kimo cha mita moja. Ikifunguka ghafla mbele ya uso wa fundi, haitangoja kuombwa radhi.

Mwanafunzi atashangaa kusikia kwamba pete ya sentimita 2.5 huweza kuinua pua kwa takriban sentimita 5. Hii pia ni kazi ya wenzo. Springi haikukaa juu ya gurudumu, bali juu ya mkono wa chini, karibu na katikati yake. Ncha ya mkono huo, ambapo gurudumu limefungwa, husafiri karibu mara mbili ya umbali unaosafiriwa na springi. Fundi asiyejua hivyo hununua pete ya sentimita 5 na kulipandisha gari kupita kiasi.

Pete haiongezi ugumu wa springi, wala hairefushi safari ya gurudumu. Huigawa upya tu. Gurudumu lililokuwa na sentimita 10 za kupanda na 10 za kushuka sasa lina 15 za kupanda na 5 za kushuka. Likiingia shimoni hufika mwisho wa safari yake mapema, na dereva husikia kishindo ambacho hapo awali hakikuwapo.

Magurudumu yasiyoelekea njia moja

Pua inapopanda, mikono ya usukani huinama, na uelekeo wa magurudumu hubadilika. Jicho haliwezi kuiona tofauti ya nyuzi moja, lakini tairi huihisi. Gurudumu lililokosea uelekeo wake kwa nyuzi moja huburutwa kando kiasi cha mita 17 katika kila kilomita. Kutoka Forodhani hadi Bububu, mwendo wa yapata kilomita 10, tairi hiyo itakuwa imesuguliwa kando kwa mita 170. Baada ya miezi michache ukingo wake mmoja utakuwa umelika, na mwenye gari atailaumu barabara. Kwa hiyo kazi ya kuinua haijakamilika mpaka uelekeo wa magurudumu upimwe kwa mtambo na kurekebishwa. Katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, pembe za viungo vya fimbo za mbele nazo hazina budi kukaguliwa, pamoja na mifuniko yake ya mpira.

Taa, na mtu ajaye

Hasara zilizotajwa hadi sasa humpata mwenye gari. Iliyobaki humpata mtu mwingine, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Taa za mwanga wa chini huelekezwa ili ukingo wa juu wa mwanga ushuke kidogo kadiri unavyokwenda mbele. Ichukuliwe kwamba mteremko wake ni asilimia moja, yaani sentimita 10 katika kila mita 10. Taa iliyo sentimita 90 juu ya ardhi hutua barabarani mita 90 mbele. Sasa pua imeinuliwa sentimita 5. Kwa kuwa umbali baina ya ekseli ni sentimita 310, gari zima limegeuka kwa 5 ÷ 310, yaani asilimia 1.6. Mwanga uliokuwa ukishuka kwa asilimia moja sasa unapanda kwa asilimia 0.6. Hautui tena barabarani. Mita 50 mbele ukingo wake uko sentimita 125 juu ya ardhi, na macho ya dereva wa gari dogo huwa kwenye sentimita 110 hadi 120.

Gari hilo likipakiwa yale magunia ya kilogramu 500, nyuma huzama sentimita 5.6, na mwanga huongezewa asilimia 1.8 nyingine. Sasa unapanda kwa asilimia 2.4. Umbali wa mita 25 tu, ukingo wake uko sentimita 155 juu ya ardhi, usawa wa macho ya mtu aliyepanda baiskeli. Mtu huyo, anayerejea nyumbani usiku kwa njia ya Bububu, hakushauriwa wakati pete ilipowekwa. Kwa nukta kadhaa haoni shimo, wala ukingo wa barabara, wala mtoto anayevuka.

Dawa yake ni rahisi. Taa zina skrubu za kurekebishia, na magari mengi ya siku hizi yana kidude karibu na usukani cha kuzishusha taa wakati wa kupakia mzigo. Kinachohitajika ni kukumbuka.

Jaribio la shule

Hesabu hizi zaweza kuhakikishwa na darasa lolote lenye ruhusa ya kutumia pikapu, futikamba na ukuta. Mwalimu asimamie, gari liwe mahali tambarare palipohakikiwa kwa pimamaji, injini imezimwa na breki ya mkono imefungwa. Wanafunzi wapime kimo cha madigadi ya nyuma gari likiwa tupu, kisha mmoja mmoja, ambao uzito wao umekwisha kupimwa, waketi juu ya sakafu ya nyuma huku kimo kikipimwa upya kila mara. Vipimo hivyo vichorwe katika grafu. Yaelekea nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka, na mwinamo wa mstari huo utawapa ugumu wa springi.

Wakati wa magharibi, gari lisimamishwe mita 10 kutoka ukutani na taa ziwashwe. Taa ikiwa katika kimo cha sentimita 90, na mteremko wake ni asilimia moja, ukingo wa mwanga utakuwa kwenye sentimita 80. Wanafunzi watie alama kwa chaki, kisha wapande nyuma wote kwa pamoja, kwa idadi isiyozidi uzito unaoruhusiwa. Alama ya pili itakuwa juu ya ile ya kwanza. Masafa baina ya alama hizo mbili ndiyo somo lenyewe.

Gari ni mlinganyo ambao kila sehemu yake imefungamana na nyingine: springi, mzigo, usukani, tairi na taa. Fundi ana haki ya kubadili sehemu moja, lakini akiibadili hana budi kuirudia hesabu yote. Akiishia katikati, salio litalipwa na mtu ambaye hajawahi hata kuliona gari hilo mchana.