Baisikeli Iliyoanguka Ipimwe Kabla ya Kupandwa

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii ilitoka kwa wahunzi, lakini leo inawafaa sana watu wanaotafuta riziki yao kwa baisikeli katika Kongowea, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Alfajiri, kabla jua halijapanda, utawaona wakiingia sokoni na kutoka: mwuza madafu, mpeleka mikate, mchukuzi wa mboga, na kibarua ambaye nauli ya kila siku ingemla nusu ya ujira wake. Wengi wao huendesha kwa nguvu za miguu yao mzigo uliofungwa kwa mipira juu ya keria, na mara nyingi mzigo huo ni mzito kuliko mwenye kuuendesha.

Soko la Kongowea ni moja katika masoko makubwa ya jumla ya Afrika ya Mashariki. Nyanya huletwa kutoka Loitokitok, na machungwa huvuka mpaka kutoka Muheza. Kwa hiyo malori, matatu, tuktuk, pikipiki, mikokoteni na watu waendao kwa miguu wote huigombea njia moja. Daraja la kwanza la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931, lilikuwa daraja la kuelea juu ya maji. Mwaka 1980 mahali pake pakachukuliwa na daraja la saruji, na tangu hapo magari yanayopita yamezidi kuongezeka. Katika msongamano wa namna hii si ajabu mpanda baisikeli kuangushwa. Jambo kubwa ni lile analolifanya katika saa moja baada ya kuanguka.

Desturi ya wengi ni hii. Mtu huinuka, hujipangusa vumbi, huunyosha usukani kwa kuubana mguu wa mbele kati ya magoti yake, hulipiga teke gurudumu lililopinda, hufunga tena mzigo wake, akaondoka. Asilaumiwe upesi. Madafu hayangoji, tajiri wa mikate hangoji, na watoto nyumbani hawajui habari za ajali. Lakini afahamu neno moja: baisikeli inayokwenda si lazima iwe baisikeli nzima. Chuma kinaweza kumchukua mtu kutoka sokoni hata katikati ya daraja, kisha kikakatika pale ambapo basi liko nyuma yake.

KWANZA MWILI, KISHA CHUMA

Aliyeanguka na aondoke barabarani kwanza, aketi kando, apumue. Moto wa ajali huficha maumivu. Mtu aliyevunjika mfupa mdogo wa mkono anaweza asiujue mpaka jioni. Ikiwa kichwa kiligonga chini, na baadaye akatapika, akasinzia pasipo desturi, akachanganyikiwa, au kichwa kikazidi kumwuma, hayo si mambo ya kulala na kungoja kesho. Apelekwe hospitali mara moja, wala asipelekwe juu ya baisikeli. Kama alikuwa amevaa kofia ya kukinga kichwa na kofia hiyo ikagonga, aiache hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu imekwisha kufanya kazi yake.

Tena asikubali mapatano ya haraka. Sheria ya Kenya ya usafiri barabarani, Sura ya 403, humlazimu mwendesha gari aliyehusika katika ajali yenye kumdhuru mtu asimame, atoe jina lake na anwani yake, na jina la mwenye gari; asipofanya hivyo imempasa kuwaarifu polisi upesi, wala saa 24 zisipite. Aliyeangushwa naye aandike namba ya gari, awaombe mashahidi majina yao, na kama ana simu ya kupiga picha aipige baisikeli pale ilipolala kabla haijainuliwa. Bima ambayo kila gari limelazimishwa kuwa nayo huhusu kifo na majeraha ya mwili. Hasara ya baisikeli ni neno jingine, na mara nyingi hubaki kuwa madai kati ya mpanda baisikeli na aliyemkosea. Ndiyo sababu haifai kupokea vijishilingi kando ya njia na kusema yamekwisha, kabla fundi hajaitazama fremu. Mtu aliyepokea bei ya mpira wa ndani, kisha akaambiwa na fundi kwamba uma umepinda, hana wa kumrudia.

UZI NA MACHO

Kuipima baisikeli iliyoanguka hakuhitaji vyombo vya ghali. Kwanza mtu aiegemeze, asimame mbele yake, aitazame kama seremala atazamavyo ubao. Magurudumu mawili yawe katika mstari mmoja. Kisha ainame kando na kuutazama uma unaoshika gurudumu la mbele. Uma wa baisikeli nyingi umefanywa ujipinde kidogo kwenda mbele kule chini. Ikiwa umesukumwa kurudi nyuma, gurudumu limekaribia fremu kuliko ilivyokuwa, na pengine ncha ya kiatu sasa inaligusa tairi au madigadi wakati wa kukata kona. Hii ni dalili ya wazi kwamba baisikeli iligonga kwa mbele na uma ukapokea pigo.

Baada ya hapo apapase kwa vidole yale mabomba mawili ya fremu mahali yanapokutana na shingo ya usukani, hasa upande wa chini. Pigo la mbele hufanya mkunjo mahali hapo. Rangi iliyopasuka kama ganda la yai, au uvimbe mdogo unaosikika chini ya kidole, ni habari mbaya kuliko mkwaruzo mrefu unaotisha macho.

Ipo na njia ya uzi, nayo ni ya kuaminika. Funga uzi nyuma, mahali ekseli ya gurudumu inaposhikwa; uvute mpaka kwenye shingo ya usukani, uzungushe, kisha uurudishe upande wa pili mpaka nyuma kama ulivyoanza. Halafu pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba linaloshika kiti, kulia na kushoto. Nafasi zikilingana, fremu imenyoka. Zikipishana sana, fremu imekwenda upande, na hapana kunyosha usukani kutakakoiponya.

Mwisho inua gurudumu moja baada ya jingine, ulizungushe taratibu, ukiitazama rimu inavyopita kati ya vipande vya breki. Ikicheza kulia na kushoto, spoki zimelegea au zimekatika. Ikiruka juu na chini, rimu yenyewe imebonyea.

KINACHONYOSHWA NA KINACHOTUPWA

Baisikeli za kazi zilizozoeleka pwani, ziwe za Kiingereza za zamani au za Kihindi na za Kichina zilizofuata mtindo ule ule, ni za chuma cha pua, nacho chuma hicho ni kivumilivu. Lakini uvumilivu una mpaka. Chuma kilichopinda na kunyoshwa hakiwi tena kama kilivyokuwa, na kila kinapopindwa mahali pale pale kinazidi kuchoka.

Gurudumu lililokwenda upande kidogo lina dawa. Fundi hulegeza spoki za upande ule ambao rimu imeelekea, akakaza zile za upande wa pili, kidogo kidogo, huku akilizungusha. Katika mtindo wa Kiingereza gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32 na la nyuma 40, kwa sababu mzigo na mpanda wote hulemea nyuma. Spoki moja ikikatika, zile jirani huchukua kazi yake, nazo zikachoka mapema. Asiyeijali spoki moja leo atanunua nne mwezi ujao. Lakini rimu iliyojikunja kama jani la mwembe lililokauka, au yenye ufa kwenye tundu la spoki, isirudishwe kazini kwa nyundo.

Uma ni jambo la kuogopwa kuliko yote. Gurudumu likishindwa, hulia na kusugua, likampa mpanda nafasi ya kushuka. Uma ukikatika hautoi hodi. Humtupa mtu kwa uso wake. Kuna watu huutia uma uliopinda katika moto wa makaa mpaka ukawa mwekundu, wakaunyosha juu ya jiwe, wakaupaka rangi nyeusi. Machoni unapendeza, lakini mabomba haya membamba hayakufanywa kwa kazi ya jembe, na moto wa namna hiyo huyaondolea nguvu na kulegeza viungo vyake. Uma wenye mkunjo au ufa ununuliwe mwingine. Hata uliotumika hufaa, ikiwa haujapata kuanguka.

Fremu yenye ufa kwenye kiungo yaweza kutengenezwa na mchomeleaji mwelekevu anayejua mabomba membamba. Fremu iliyofanya mkunjo nyuma ya shingo, kwa mtu wa mizigo, imekwisha. Usukani uliopinda sana usinyoshwe. Ni rahisi kuubadili kuliko kubadili meno. Kwa baisikeli mpya za aluminiamu, kanuni ni kali zaidi, kwa kuwa madini hayo hayapendi kupindwa mara mbili, na hupasuka bila kuonya.

MFUKO MDOGO UNA HEKIMA YAKE

Wengine watasema kwamba maneno haya ni ya watu wenye fedha. Sivyo. Mwenye fedha kidogo ndiye mwenye kuhitaji mpango. Fedha ya kwanza iende kwenye mambo matatu yanayoushika uhai: uma, magurudumu na breki. Ya pili iende kwenye mnyororo, pedeli na gololi za shingo. Madigadi, rangi na vifuniko vya mnyororo vingoje. Baisikeli isiyo na madigadi humchafua mtu suruali, lakini isiyo na breki humchafulia jina mbele ya watoto wake.

Tena ni vema kukaa kitako karibu na fundi wakati anapofanya kazi. Fundi mwema haogopi macho. Atamwonyesha mwenye mali ekseli iliyopinda, na gololi zilizoliwa na kutu ya hewa ya bahari. Hiyo kutu ni adui wa kila siku katika Mombasa, kwa hiyo ikiwa kiungo kimefunguliwa, kisafishwe na kutiwa grisi mpya, hata kama si hicho kilichogongwa.

Katika siku za kungoja matengenezo, mtu asikope baisikeli ya jirani bila kueleza atakayoichukulia, wala asikodi chombo asichokipima. Wachukuzi wawili wakishirikiana baisikeli moja, mmoja asubuhi na mwenziwe alasiri, hupata kidogo kila mmoja, lakini hakuna nyumba inayolala na njaa. Na wale wanaofanya kazi pamoja wakiweka akiba kidogo kila juma, atakayeanguka kesho hatasukumwa na shida kurudi barabarani juu ya uma uliokufa.

SIKU YA KWANZA

Baisikeli ikiisha kutengenezwa, isitiwe mzigo siku hiyo. Ijaribiwe kwanza katika njia tulivu za mtaani, mbali na barabara kuu: mwendo wa pole, breki moja moja, kona ya kulia, kona ya kushoto. Mpanda asikilize. Mlio wa kukatika-katika hutoka kwenye spoki au pedeli. Kugonga-gonga kwenye usukani ni gololi za shingo zilizolegea. Ikiwa baisikeli hujivuta upande mmoja, irudi kwa fundi.

Siku za kwanza nusu ya mzigo yatosha. Baada ya siku chache gurudumu lirudishwe kwa fundi likazwe tena, kwa maana spoki mpya hujipanga na kulegea kidogo zinapoanza kazi. Nati zote nazo zitazamwe.

Wala hofu isidharauliwe. Mtu aliyeangushwa na lori huweza kutetemeka kila asikiapo honi nyuma yake, ijapokuwa mwili umepona. Hili si jambo la aibu. Aanze na saa ambazo magari ni machache, arudi njia kuu kidogo kidogo, mpaka mikono iache kuubana usukani. Na asisahau kengele na taa. Si mbali na soko iko Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Kengele ile ilisikika mbali. Kengele ya baisikeli ni ndogo, lakini katika msongamano wa mikokoteni imeokoa wengi, na taa ya mbele pamoja na alama nyekundu ya nyuma zimeokoa wengi zaidi wakati wa magharibi.

Hasara ya siku mbili huuma, hasa kwa mtu ambaye chakula cha jioni hutegemea kazi ya asubuhi. Lakini siku mbili hulipika. Basi kila mwenye baisikeli ya kazi na aweke nyumbani mwake vitu vitatu: spana, kipande cha uzi, na akiba ndogo isiyoguswa kwa jambo jingine. Siku atakapoanguka, vitu hivyo vitampa nafasi ya kuamua kwa akili yake mwenyewe ni lini baisikeli yake imekuwa tayari kurudi barabarani, wala si kwa kusukumwa na njaa.