Magari ya kompyuta hayajui breki!

Jamani, Jumamosi moja nusura nizimie barabarani!

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na ndiyo kwanza amepata leseni. Alikuwa ananiendesha mtaani, mwendo wa 50 hivi, mara mtoto akachomoka uchochoroni anakimbiza mpira. Dogo akakanyaga breki mpaka mwisho. Gari likaburuzika weee, likasimama hatua mbili tu kabla ya kumfikia. Mtoto akaokota mpira wake, huyoo, akaenda zake. Sisi mle ndani kimya, jasho linatutiririka.

"Anko," akasema baadaye kwa sauti ya chini, "kwenye programu yangu lingesimama palepale."

Programu gani tena? Kumbe ni ya kuigiza foleni, kwa kanuni za Wajerumani wawili, Kai Nagel na Michael Schreckenberg, za mwaka 1992. Barabara inakatwa vipande vya mita 7.5, kila gari na kipande chake. Kila sekunde gari linaongeza mwendo, linapunguza likikaribia la mbele, na mara mojamoja linapunguza bila sababu, kama vile dereva kazubaa. Basi! Mwendo wa juu ni vipande vitano kwa sekunde, yaani kilomita 135 kwa saa, na gari linaweza kutoka hapo hadi sifuri kwa sekunde moja. Jaribu hivyo na gari la kweli uone kama hutatokea kioo cha mbele!

Lakini msomaji, usiicheke. Inaonyesha vizuri foleni inavyozuka bila ajali wala trafiki. Mwaka 2008 Wajapani walitangaza jaribio lao: magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wote wakaambiwa waende mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Haukupita muda, foleni hiyo!

Kwa hiyo foleni ni ya kweli, ila gari mojamoja ni la uongo. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unasema kwa kilomita 48 kwa saa unahitaji mita 23 kusimama: 9 zinakwisha ukiwa bado unashtuka, 14 ni za breki. Gari la kompyuta halishtuki.

Usiku ule dogo alikesha anarekebisha programu yake. Mimi nimempa kanuni moja tu: mtaani, mwisho 30.