Mandari ya Ziwa Tanganyika na Homa Inayofuata

Kwa miaka mingi barabara itokayo Kasulu imeteremsha hadi Kigoma, kila Ijumaa jioni, magari ya watu wanaokwenda kupumzika. Wengi ni wageni wanaofanya kazi katika kambi za wakimbizi: wauguzi, madaktari, wahandisi wa maji, walimu. Wamo Wakenya, Wakongo na Wazungu, na wamo Watanzania wa mikoa ya mbali, ambao nao Kigoma kwao ni ugenini. Huwa watu sita au wanane, wakachangiana nauli na chakula. Jumamosi huanzia Ujiji, kwenye jumba la makumbusho lenye miembe yake, kisha alasiri wakaoga ziwani. Jumapili alfajiri hupanda boti mwaloni Kibirizi kuelekea Gombe. Jumatatu kila mmoja yuko kazini, na miezi michache baadaye mikataba huisha, wakatawanyika.

Safari za namna hii ni za zamani huko. Tarehe 16 Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata pwani kuelekea kaskazini hadi mdomo wa mto Rusizi, ili wajue kama mto huo unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia. Walirudi Ujiji baada ya siku 28, na Livingstone mwenyewe akaiita safari ile mandari. Hata hivyo, njiani Stanley alishikwa na homa kali, naye Livingstone, aliyekuwa daktari, akamuuguza. Sanduku la dawa la Livingstone lilikuwa limeibwa tangu 1867. Lakini hata angekuwa nalo, hakuna aliyejua wakati ule kwamba malaria huletwa na mbu; Ronald Ross alimkuta mdudu wa malaria tumboni mwa mbu mwaka 1897. Na kwamba kichocho hupitia kwa konokono lilithibitishwa baadaye zaidi, na watafiti wa Japani mwaka 1913.

Msafiri wa leo anayajua yote hayo, au angeweza kuyajua. Kinachomdanganya ni maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji yake ni maangavu kiasi cha kuona samaki wakipita kati ya mawe. Mtu hudhani kwamba maji yanayoonyesha kokoto za chini hayawezi kuwa na ugonjwa. Ni kweli kwamba ufuko wa mawe unaopigwa na mawimbi si makazi mazuri ya konokono wa kichocho. Wao hupenda maji tulivu yenye majani, na zaidi vijito vinavyoshuka kutoka milimani na kuingia ziwani. Lakini ni pale pale, kwenye mdomo wa kijito, penye kivuli na mchanga laini, ambapo wageni hutandika mikeka yao. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana hivi, na huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kujifuta kwa taulo hakutoshi kuwa kinga.

Hapa lugha yetu nayo hutupoteza kidogo. Anayesikia neno kichocho, hasa aliyekulia Unguja, Pemba au Tanga, hufikiria mkojo wenye damu. Kichocho cha Kigoma ni cha matumbo, na mayai yake hutafutwa kwenye choo kikubwa. Mgonjwa aliyeoga Ziwa Tanganyika, akapimwa mkojo na kuambiwa hana kichocho, hajapimwa bado.

Ugonjwa hauanzi siku ya kuoga. Huenda pakawa na muwasho wa siku moja au mbili, ambao wengi husema ni wa mbu. Kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8 ndipo huja homa, kikohozi kikavu, vipele vya mzio vinavyowasha, maumivu ya misuli na pengine kuhara. Hiyo ndiyo homa ya Katayama, iliyopewa jina la eneo la Japani ilikoelezwa zamani. Huwapata zaidi wale ambao miili yao haijawahi kukutana na minyoo hiyo: mgeni kutoka Ulaya, naam, lakini pia Mtanzania aliyekulia mahali pasipo na kichocho. Wakati huo huenda mgonjwa yuko Nairobi au Geneva, mbele ya daktari ambaye hajui kwamba kulikuwa na ziwa.

Kwa mtoa huduma, homa yoyote kwa aliyetoka Kigoma ni malaria hadi kipimo kionyeshe vinginevyo. Hilo halina mjadala, kwa kuwa malaria huua haraka. Lakini malaria ikikosekana, usikimbilie kuandika homa ya matumbo. Uliza: uliingia maji gani, lini, mara ya mwisho tarehe ngapi? Kisha angalia hesabu ya chembe nyeupe za damu. Eosinofili zikiwa nyingi, fikiria kichocho hata kama choo hakina yai. Minyoo huhitaji wiki tano hadi saba kabla ya kuanza kutaga, hivyo majibu safi ya wiki ya 3 hayana uzito. Prazikwanteli nayo huua minyoo iliyokomaa na huiacha michanga, kwa hiyo anayeitumia mapema mno lazima airudie baada ya wiki 6 hadi 8 tangu alipoingia majini mara ya mwisho. Mwenye homa ya Katayama iliyo kali aonwe na daktari bingwa, kwani huenda akahitaji kwanza dawa za kutuliza mzio.

Nimewasema wageni sana, na kuna mtu katika boti ile sijamtaja. Ni nahodha. Wageni wanaposhuka Gombe, yeye ndiye anayeruka majini hadi kiunoni kuishika boti, na amefanya hivyo tangu utotoni. Yeye hapati homa ya Katayama. Kwake ugonjwa ni wa kimya: ini hukakamaa polepole, wengu huvimba, na baada ya miaka mingi huweza kutapika damu. Kampeni za kugawa dawa zimezoea kwenda shule za msingi, na yeye aliacha shule zamani. Mke wake afuaye nguo kijitoni hali yake ni hiyo hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unashauri kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa igawiwe kwa jamii nzima kuanzia umri wa miaka 2, si kwa wanafunzi peke yao. Mimi naona mwaloni ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko darasani, maana wavuvi hukusanyika hapo kila asubuhi.

Kipimo cha dawa ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwa nahodha mwenye kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, avimeze siku moja, baada ya kula.