Apu ikijifunga, usikimbilie kufuta simu nzima

Umeketi kwenye matatu ya jioni. Makanga amefika kwa kiti chako, mkono ameshanyoosha. Unafungua apu ya kulipa, inafunguka nusu, skrini inakuwa nyeupe, halafu pyu! Umerudi ulikoanza. Unajaribu tena. Pyu! Abiria sasa wanakutazama kana kwamba hiyo ni mbinu yako ya kukwepa nauli.

Tulia. Pesa zako haziko ndani ya apu. Kama unatumia M-Pesa, piga *334# ulipe, maisha yaendelee. Apu ni mlango tu, na mlango ukikwama haimaanishi nyumba imeungua.

Mimi hilo nililijua nikiwa nimechelewa. Baada ya kuacha chuo, simu ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Nilikuwa naandikia wenye biashara ndogo matangazo ya mitandaoni. Siku moja apu yangu ya meseji ikaanza kujifunga kila nikiigusa. Wateja wananingoja, mimi natetemeka. Nikakimbia kwa fundi karibu na steji. Akaiangalia kidogo tu, akasema, "Hii ni virusi, buda. Tuifute yote." Nikakubali. Nikalipa soo tano, na dakika ishirini baadaye simu ikarudi kama imetoka dukani.

Zilizopotea ni sauti za nyanya yangu. Alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Hakujua kuandika meseji, kwa hivyo alikuwa akinirekodia sauti, mara nyingi kuniuliza tu kama nimekula. Sikuwa nimeweka nakala popote.

Fundi hakuniibia, alifanya nilichokubali. Lakini wiki chache baadaye, simu ilipojaa tena video za magrupu, apu ileile ikaanza kujifunga vilevile. Haikuwa virusi. Ilikuwa nafasi tu.

Ndio maana nakuomba ushike kanuni moja: anza na hatua isiyopoteza kitu, umalizie na ile inayopoteza kila kitu.

Kwanza, uliza wengine. Machi 22, 2021, watu sehemu nyingi za dunia walishangaa kuona apu za Android, Gmail ikiwemo, zinajifunga zenyewe. Simu zao hazikuwa na shida. Kulikuwa na hitilafu kwenye Android System WebView, kile kijisehemu cha simu kinachosaidia apu kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake. Google ikatoa marekebisho, watu wakasasisha WebView na Chrome, mambo yakatulia. Aliyefuta simu yake usiku huo alijisumbua bure. Kwa hivyo kama rafiki zako wawili wanalia kilio kimoja na wewe, ngoja.

Pili, zima simu uiwashe. Najua unacheka, lakini simu nyingi tunazobeba hapa zina RAM ndogo. Ukifungua apu kumi, mfumo unaanza kuzifunga zingine ili upumue. Kuwasha upya kunazipa apu mwanzo mpya.

Tatu, angalia nafasi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi. Kama imebaki kidogo sana, huenda umempata mshukiwa. Apu huandika vitu kila mara inapofanya kazi, na ikikosa pa kuandikia inaweza kuanguka. Anza kufuta zile video za "habari ya asubuhi" zilizotumwa mara kumi kwenye grupu la familia.

Nne, futa keshi, na simaanishi ile ya mfukoni. Keshi ni vitu vya muda ambavyo apu hujiwekea ili ifunguke haraka. Vikiharibika, apu inajikwaa. Ingia kwenye mipangilio, chagua apu yenyewe, kisha hifadhi. Hapo utaona vitufe viwili vinavyokaa pamoja kama mapacha. Kilichoandikwa "Clear cache" hakina madhara. Kilichoandikwa "Clear data" au "Clear storage" kinairudisha apu ilivyokuwa siku ya kwanza, na vyote ilivyohifadhi kwa simu vinaenda. Soma mara mbili kabla kidole hakijagusa.

Tano, sasisha. Ingia Play Store uangalie kama apu ina toleo jipya, na uangalie WebView pia. Najua bando ni pesa, kwa hivyo sasisha ile inayosumbua kwanza, hizo zingine zingoje Wi-Fi ya bure. Usidanganywe na linki za grupu zinazokuahidi toleo spesheli. Hujui nani amelipika wala ameweka nini ndani.

Sita, iondoe apu uiweke upya. Lakini kama ni WhatsApp, weka nakala kwanza. Kwa mipangilio yake, sehemu ya chati, utaona mahali pa kuhifadhi nakala kwenye akaunti yako ya Google. Ngoja imalize. Hakikisha pia laini uliyojisajilia bado iko mikononi mwako, maana utatumiwa nambari ya kuthibitisha.

Ukifika hapo na bado inajifunga, huenda ni umri wa simu. Oktoba 2023, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android ya chini ya 5.0. Hapo hakuna keshi ya kufuta itakayokuokoa.

Kufuta simu nzima ndiyo hatua ya mwisho kabisa, baada ya picha, namba na chati zako kuwa na nakala mahali pengine. Fundi akikuambia tuanze nayo, muulize, "Umeangalia nafasi?" Kama hajaangalia, shika simu yako uende.

Na usingoje shida. Leo usiku, ukiwa na bando ama Wi-Fi ya jirani, weka nakala ya chati zako. Kuna mtu pale ndani ambaye sauti yake utataka kuisikia tena.