Dondakoo: seramu ilipopata miguu

Wazazi wengi siku hizi hulisikia jina la dondakoo kliniki tu, likitajwa pamoja na kifaduro na pepopunda. Karne ya 19 huko Ulaya na Marekani lilikuwa jina la msiba. Mtoto alianza na homa na koo kuuma, kisha utando wa kijivu ukatanda kooni, shingo ikavimba, pumzi ikawa ya kugombania. Daktari alimpasua koo apate hewa, au akampitishia mrija, mbinu aliyoiendeleza Joseph O'Dwyer wa New York katika miaka ya 1880. Hata aliyenusurika kukosa hewa aliweza kufa siku chache baadaye, moyo ukisimama ghafla.

Kwa nini moyo, wakati kidonda kiko kooni? Jibu lilitoka Paris mwaka 1888: Émile Roux na Alexandre Yersin walionyesha kwamba bakteria hubaki kooni, ila hutoa sumu inayosambaa mwilini. Miaka miwili baadaye, Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato waligundua kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo huwa na kinga inayoweza kuhamishiwa kwa mwingine. Mwaka 1894 Roux alitangaza matokeo ya seramu, yaani majimaji ya damu yenye kinga hiyo, ya farasi kwa watoto wa Paris: waliokufa, waliokuwa kama nusu ya wagonjwa, walipungua hadi karibu robo.

Simulizi nyingi huishia hapo. Kwa maoni yangu, kazi ngumu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Seramu huzima sumu ambayo bado imo katika damu. Iliyokwisha kuingia kwenye moyo na neva haiing'oi tena. Kila siku ya kuchelewa ni hasara. Isitoshe, makoo mengi huvimba bila kuwa na dondakoo, na jicho la daktari peke yake hudanganyika.

Idara ya Afya ya New York, chini ya Hermann Biggs na William H. Park, ililikabili tatizo hilo kwa jambo dogo la kiutendaji. Kuanzia 1893 iliweka katika maduka ya dawa vichupa vya kuoteshea vijidudu na vijiti vyenye pamba. Daktari alichukua kimoja, akapangusa koo la mgonjwa, akakirudisha dukani. Jioni vilikusanywa, usiku vikakaa kwenye joto maabara, na kesho yake jibu likatoka. Bila malipo. Maabara hiyo pia iligundua kwamba mtu mwenye afya tele anaweza kubeba bakteria, na aliyepona anaweza kuendelea kuwabeba kwa wiki kadhaa. Kumtenga mgonjwa kwa kukisia tu hakukutosha tena.

Mwaka 1894 Anna Wessels Williams, mtaalamu wa maabara hiyo, alipata aina ya bakteria yenye kutoa sumu nyingi mno, iliyorahisisha kutengeneza seramu. Aina hiyo ilitumika duniani kwa miongo mingi, ingawa wengi waliiita kwa jina la Park pekee, bosi wake aliyekuwa likizo siku hizo. Kufikia 1895 jiji lilikuwa linatengeneza seramu yake na kuwapa maskini bure. Wauza dawa walinung'unika.

Lakini kuwa mali ya umma si dhamana ya usalama. Mwaka 1901 huko St. Louis, seramu iliyotengenezwa na idara ya afya ya jiji ilitoka kwa farasi aliyekuwa na pepopunda. Watoto 13 walikufa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukagua na kuwapa leseni watengenezaji wa seramu na chanjo.

Kinga ya kudumu ilikuja baadaye. Seramu humlinda mtu kwa wiki chache tu. Mwaka 1923 Gaston Ramon, Mfaransa, aliifubaza sumu kwa formalini na joto hadi ikapoteza ukali lakini ikabaki na uwezo wa kuuamsha mwili ujikinge. Chanjo ya leo ingali imejengwa juu ya msingi huo. Tanzania na Kenya mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya chanjo moja yenye kinga tano. Fungua kadi ya mwanao uhakikishe zote tatu zimeandikwa. Na ukiona utando wa kijivu kooni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.