Ukizamia meli Bamburi, usikimbilie basi la Meru

Kwa jamaa nyingi za Meru na Embu, bahari ni kitu cha kuonwa mara moja kwa miaka. Mtu huteremka Mombasa kwa harusi au mkutano wa chama, akakunja suruali, akatia miguu majini, akapigwa picha, akarudi zake mlimani. Lakini wako vijana wa huku ambao hawatosheki na ufuo. Wanataka kushuka hadi chini, na kinachowavuta zaidi ni meli.

Meli yenyewe ni MV Dania. Zamani ilikuwa ikisafirisha mifugo. Mnamo mwaka wa 2002 ilizamishwa makusudi upande wa Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ili iwe makao ya samaki. Ina urefu wa zaidi ya mita 70 na imekaa wima chini ya bahari, kwenye kina cha mita 30 hivi. Palipofungiwa ng'ombe sasa hupita chewa na kolekole, na chuma kimevaa matumbawe. Mfugaji wa Mbeere akilitazama zizi la namna hiyo, bila shaka atatikisa kichwa.

Anayepanga safari hii huanza kwa kuuliza nauli, kisha bei ya kukodi vifaa. Ni sawa. Lakini mtu wa Meru au Embu ana swali jingine ambalo mwenyeji wa Kisauni hana haja nalo, nalo ni hili: nitapanda saa ngapi kurudi nyumbani?

Hewa tunayovuta ina naitrojeni nyingi, na huku juu haitusumbui. Mzamiaji akiwa mita 10 chini ya maji, kanieneo inayomkandamiza huwa mara mbili ya ile ya ufuoni. Akiwa mita 30, ni mara nne. Naitrojeni hushindiliwa ndani ya damu na nyama za mwili kama gesi inavyoshindiliwa katika chupa ya soda. Akipanda polepole, gesi hutoka kwa njia ya mapafu bila kelele. Akipanda kwa haraka, ni kama kifuniko kilichong'olewa ghafla: mapovu hutokea mwilini, na matokeo yake ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Ndiyo sababu wakufunzi humzuia mwanafunzi kupanda zaidi ya mita 9 kwa dakika, na humsimamisha dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoa kichwa nje.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kupanda hakuishii pale mashua ilipo. Mwili bado una gesi ya ziada kwa saa nyingi baadaye. Embu iko takriban mita 1,350 juu ya bahari, mji wa Meru zaidi ya mita 1,500, na Nairobi, unakopitia, iko juu kuliko miji yote miwili. Kwa mwili uliotoka kuzamia, mlima ni kama ndege. Kanuni inayofuatwa na wazamiaji ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 ikiwa umezamia mara kadhaa, kabla ya kuruka kwa ndege au kupanda nyanda za juu. Wakufunzi waangalifu husema saa 24, nami nawaunga mkono. Wala asikudanganye mtu kuwa sisi wa mlimani tumezoea hewa nyepesi. Mazoea hayo hayaondoi naitrojeni.

Tuseme kijana wa Nkubu amezamia mara mbili, na mara ya pili ametoka majini saa saba mchana. Akikimbilia treni ya alasiri, atakuwa Voi, karibu mita 600 juu ya bahari, kabla jua halijatua. Akichukua basi la usiku, atafika hapo usiku wa manane, ilhali saa zake 18 zinatimia saa moja asubuhi. Kwa hivyo ile "safari ya siku moja" inayotangazwa ni ya mtu anayelala pwani. Kwa mtu wetu, ni safari ya siku nne: siku ya kuteremka, siku ya kuzamia, siku ya kukaa, siku ya kurudi.

Kurudi huko kuwe mchana. Mnamo Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika daraja la Nithi na kuua watu zaidi ya 30. Anayeogopa papa na haogopi mteremko ule hajapima vizuri.

Wakati pia una maana yake. Likizo ya Agosti huwafaa wazazi wengi, lakini bado ni majira ya kusi. Bahari huchafuka na maji huwa na ukungu. Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, maji hutulia, na kuanzia Desemba hadi Machi mzamiaji huona mbali.

Kisha kuna cheti. Kozi ya kwanza huchukua siku tatu au nne na humruhusu mtu kufika mita 18 pekee. Kwa kutalii meli yote hadi sakafu ya bahari, sharti awe na cheti cha pili, kinachofika mita 30. Anayejaribu kwa mara ya kwanza hazidishi mita 12, tena akishikiliwa na mkufunzi. Huyo asiahidiwe Dania. Kuogelea ajifunze kabla ya kuteremka, katika kidimbwi cha hoteli yoyote ya karibu, kwa sababu atatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika kumi. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au presha amwone daktari kwanza. Mwanamke mjamzito asizamie kabisa, na mwenye mafua asubiri yaishe, la sivyo masikio yatamwadhibu.

Kabla ya kulipa, uliza kama bei imejumuisha mashua, mtungi na mkufunzi, na kama kuna ada ya hifadhi ya bahari. Uliza pia, bila haya, kilipo chumba cha kutibia wagonjwa wa naitrojeni na kama kinafanya kazi. Mwenyeji anayekasirishwa na swali hilo mwache, utafute mwingine.

Ile siku ya kukaa si ya kulala. Mchukue mama watoto na watoto mwende Fort Jesus. Mnamo 1697, Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira ngome hiyo, meli ya kivita ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele yake. Wazamiaji wa elimu ya kale waliichimbua kuanzia mwaka wa 1977 hadi 1980, na vitu walivyoopoa viko katika jumba la makumbusho mle ndani. Hapo jamaa nzima huona meli iliyozama bila mtu kulowa, na saa zenu zinaendelea kuhesabika.